Siku moja Kigamboni: mwongozo kamili wa mgeni anayetaka kuyakuta maji

Kila msimu wa sikukuu malalamiko ni yaleyale. Familia imetoka Morogoro au Dodoma, imelala Dar es Salaam, imeamka mapema kwenda kuogelea Kigamboni. Inafika pwani saa nne asubuhi, inakuta bahari imeondoka: mchanga, mawe na majani ya bahari hadi mbali, na watoto wanauliza maji yako wapi. Saa tisa, maji yanapokaribia kufika, watu wazima wameshachoka na wanawaza foleni ya kivuko. Wanarudi mjini wakisema Kigamboni haina lolote.

Kigamboni ina mengi. Ila siku yako kule inapangwa na vitu viwili usivyoweza kuvibadilisha: maji na njia ya kuvukia. Ukivipanga hivyo viwili kwanza, chakula, usafiri na michezo ya watoto vitajipanga vyenyewe. Mwongozo huu ni wa mgeni wa siku moja, awe na gari au asiwe nalo.

## Vitu vya kuandaa

- Jedwali la maji kupwa na kujaa la Dar es Salaam. Mamlaka ya Bandari hulitoa kila mwaka, na programu za simu za wavuvi na waogeleaji huonyesha saa hizohizo. Kalenda yenye tarehe za Kiislamu nayo inatosha, kwa njia nitakayoeleza hapa chini.
- Kadi ya N-Card yenye salio, kwa ajili ya nauli ya pantoni. Kadi moja inaweza kulipia watu kadhaa.
- Fedha taslimu za noti ndogo, kwa bajaji, madafu na wauzaji wa pwani.
- Viatu vya mpira vyenye soli ngumu vinavyofungwa mguuni. Kandambili hazifai mwambani, zinachomoka.
- Kanga au kikoi kwa kila mtu, kofia, mafuta ya kujikinga na jua, na nguo kavu za kurudia.
- Maji ya kunywa, lita moja na nusu kwa mtu mzima.
- Kikapu au begi la kitambaa. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, usije nayo.
- Mfuko mdogo usioingiza maji, wa simu na pesa.

Mnaokwenda na watoto wadogo, ongezeni maboya au majaketi ya kuokolea yenye saizi yao. Msitegemee kuyakuta pwani.

## Hatua ya 1: Chagua siku kwa kuangalia mwezi

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mgeni, kwa hiyo nitakaa nayo.

Pwani ya Dar es Salaam maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Toka kupwa hadi kujaa ni saa sita na kidogo, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hupungua sana na bahari haiendi mbali.

Jambo la kushika ni kwamba saa hazibadiliki ovyo. Kwa pwani yetu, bamvua daima huja na kupwa kwa asubuhi. Ukijua tarehe ya mwezi wa Kiislamu, unaweza kukadiria bila jedwali (mwezi 1 ni tarehe ya kwanza ya mwezi huo, mwezi 15 ni tarehe yake ya kumi na tano):

- Mwezi 1 hadi 2, na 15 hadi 16: maji yamekupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, yanajaa kati ya saa 10 na saa 11 jioni.
- Mwezi 4, na 18: yamekupwa saa 6 hadi saa 7 mchana. Ukitoka hoteli asubuhi na kurudi jioni, utaona mawe muda mwingi.
- Mwezi 8, na 22 hadi 23: yanajaa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na kupwa kwake alasiri ni kudogo.
- Mwezi 9 hadi 11, na 24 hadi 26: yanajaa kati ya saa 5 na saa 7 mchana.

Kundi la mwisho ndilo la familia. Mnafika saa tatu maji yanapanda, mnaogelea hadi saa nane, mnakula, mnaondoka kabla ya msongamano. Kama lengo lenu ni kuogelea na mna uhuru wa kuchagua siku, chagueni hizo bila kusita.

Siku za bamvua nazo ni nzuri sana, ila kwa mpangilio mwingine: asubuhi kutembea mwambani, mchana kula na kupumzika, kuogelea kuanzia saa nane na nusu. Kinachoharibu siku ni kwenda tarehe 15 ukitarajia mambo ya tarehe 10.

Kadirio hili linaweza kupishana na jedwali kwa saa nzima, kwani mwezi wa Kiislamu huanza kwa kuonekana. Ukiwa na jedwali, fuata jedwali.

Angalia pia majira. Juni hadi Agosti ni kusi: upepo huongezeka alasiri na mawimbi hukua, kwa hiyo ogelea asubuhi maji yakiruhusu. Masika, Machi hadi Mei, mvua inaweza kumaliza siku nzima. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa. Ikitoka, ahirisha, hakuna ujanja wa kuikwepa.

Umefaulu hatua hii kama unaweza kujibu kabla ya kulala: kesho maji yanajaa saa ngapi, na mimi nitakuwa wapi saa hiyo?

## Hatua ya 2: Amua pantoni au daraja

Njia kuu ni mbili. Pantoni inavuka kutoka Magogoni, pale Feri, hadi Kigamboni kwa dakika chache tu. Daraja, lenye urefu wa mita 680 na lililofunguliwa Aprili 2016, linatoka Kurasini.

Huna gari: panda pantoni. Ni nafuu, ni haraka, na kuuona mji ukiwa majini ni sehemu ya matembezi. Wa miguu hangoji sana; pantoni ikija, anapanda.

Una gari: pita darajani, hasa Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Kuna tozo inayotegemea aina ya chombo, lakini foleni ya magari pale Magogoni inaweza kula asubuhi yako yote, na ukiingia kwenye foleni hiyo kutoka ni kazi. Gari liende na pantoni siku ya kazi tu, tena upande usio na msongamano: asubuhi watu wanamiminika kuja mjini, wewe unakwenda kinyume chao.

Kuna njia ya tatu ya kuzunguka Mbagala na Kongowe hadi Kibada. Anayelala Mbagala itamfaa. Anayetoka katikati ya mji aiache.

## Hatua ya 3: Kuvuka kwa pantoni bila fadhaa

Kabla ya kuvuka, kama umefika mapema, zunguka soko la samaki la Feri. Mnada wa asubuhi unaanza mapema sana, na saa moja bado kuna shughuli. Unaona nguru na jodari waliolazwa sakafuni, pweza kwenye ndoo, wanawake wanaofunga mafungu ya dagaa, na wakaangaji wenye makarai makubwa juu ya kuni. Vaa viatu vya kufunika vidole. Sakafu ina maji, magamba na miiba. Ukitaka kununua, fungua shavu la samaki: ndani kuwe na wekundu mbichi na unyevu. Likiwa la kahawia, achana naye hata kama jicho linang'aa, kwa sababu jicho hulowanishwa.

Usinunue samaki mbichi kwenda nao pwani kama huna barafu. Nunua wa kukaanga, au nunua mbichi siku utakayorudi mapema.

Kwenye kivuko, gusa kadi, ingia ukumbi wa kusubiria, na simama pembeni. Geti likifunguliwa watu huondoka kwa kasi, wengine wakikimbia. Usikimbie nao. Mshike mtoto mkononi, usimwache atangulie, na weka begi mbele ya kifua. Msongamano wa getini ndio mahali simu zinapopotea. Wenye gari: abiria washuke wapande kwa miguu, abaki dereva peke yake. Mkiwa ndani, tafuteni mahali majaketi ya kuokolea yalipo kabla hamjaanza kupiga picha.

Onyo la picha. Ikulu ya Magogoni iko jirani kabisa na kivuko, kuna kambi ya jeshi la wanamaji upande wa pili, na bandari ndiyo hiyo mbele yenu. Msielekeze kamera huko. Picha ya familia yenye maji na majengo marefu ya mjini nyuma haina neno. Picha ya geti lenye askari inaweza kuwaharibia siku.

## Hatua ya 4: Toka kivukoni, chagua pwani

Ukishuka utawakuta madereva wa bajaji na bodaboda wakiita, na daladala zikiwa mbele kidogo. Pita katikati yao taratibu bila kumpa mtu begi. Uliza bei kwa madereva wawili kabla ya kupanda, na taja mahali hasa unapokwenda. "Pwani" haitoshi, kwa sababu Kigamboni yote ni pwani. Patana ya kwenda tu. Ya kurudi mtapatana na yeyote wakati ukifika, ama chukua namba ya simu ya dereva aliyekufurahisha.

Wa siku moja aende Mjimwema. Ni karibu, hoteli za ufukweni zimepangana, kuna vyoo, bafu la maji baridi, chakula na kivuli. Wengi wa wageni wangu ninawafikisha hapo tu na sijapata lawama.

Anayetaka utulivu zaidi asogee Gezaulole, kijiji cha wavuvi mbele ya Mjimwema. Vivuli vya minazi, ngalawa mchangani, huduma chache. Beba chakula chako.

Kimbiji na fukwe za kusini zaidi ni nzuri kupita maelezo, na kasa bado hupanda kutaga huko, lakini ni safari ndefu inayotaka gari na kulala. Mtu aliyefika Kimbiji saa saba mchana na anataka kuwahi pantoni ya jioni amekwenda kutazama barabara.

Mjimwema, uliza mambo matatu getini kabla ya kulipa: kiingilio ni kiasi gani kwa mtu mzima na mtoto, kinakatwa kwenye bili ya chakula au la, na chakula cha nje kinaruhusiwa au la. Sehemu nyingi hukataa chakula cha nje, na hapo ndipo ugomvi wa wageni wenye vyungu vya pilau huanzia. Kama bajeti yenu ni ya pilau la nyumbani, msiingie hotelini. Nendeni sehemu ya wazi ya ufukwe. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia majengo ya kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, na ukanda huo si uwanja wa mtu.

Nguo za kuogelea zina mahali pake, majini na mchangani. Ukipita kijijini au dukani, jifunge kanga au vaa shati. Ni vijiji vya watu wanaoswali na kulea, na heshima hiyo ndogo hufungua mazungumzo mengi.

## Hatua ya 5: Maji yakiwa yametoka, nenda mwambani

Hapa ndipo wengi hukaa kitini wakinuna, na mimi napaona ndipo Kigamboni inapompa mtoto kitu ambacho hatakisahau.

Anza saa moja na nusu kabla ya kupwa kabisa, ukiyafuata maji yanapotoka. Vaa viatu vya mpira. Tembea taratibu hadi mawe ya kwanza, chuchumaa penye kidimbwi, tulia bila kutikisa maji. Kwanza hutaona kitu. Baada ya muda kidogo konokono mmoja anaanza kutembea kwa miguu, na kumbe ni kaa aliyehamia gamba la mwenzake. Halafu samaki wadogo wenye milia wanatoka chini ya jiwe, na kitu ulichodhani ni uzi mweusi kinajivuta: ni mkono wa nyota ya bahari aliyejificha kwenye ufa. Mwanamke anayepita na kijiti na ndoo anatafuta pweza. Msalimie, muulize amepataje. Omba ruhusa kabla ya kumpiga picha, na kama amekuonyesha tundu la pweza, mpe ahsante ya mkononi.

Sheria za mwambani:

1. Usiingize mkono usikokuona. Kuna samaki anayefanana kabisa na jiwe, mwenye miiba ya sumu mgongoni.
2. Usiokote konokono mwenye gamba la umbo la koni lenye madoa mazuri. Baadhi yao huchoma, na sumu yao inaweza kuua.
3. Vile viduara vyeusi vyenye miiba mirefu usivikanyage. Miiba hukatikia ndani ya nyama.
4. Jiwe ukiligeuza, lirudishe lilivyokuwa. Viumbe vya chini yake hufa vikipigwa na jua.
5. Maji yakianza kurudi, geuka na wewe. Hujaa kwanza kwenye mifereji iliyo nyuma yako, kati yako na ufukwe, wakati mbele unaona bado kukavu.

Aliyechomwa na mwiba wa samaki aloweke mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kisha apelekwe kituo cha afya. Joto hupunguza maumivu ya sumu hiyo. Jikoni mwa hoteli yoyote maji hayo yapo, kimbilieni huko.

## Hatua ya 6: Kuogelea

Wakati mzuri ni saa mbili kabla ya maji kujaa hadi saa moja baada yake. Kina kinatosha, mawe yamefunikwa, na mkondo haujaanza kuvuta nje kwa nguvu. Maji yakianza kutoka kwa nguvu, hasa siku za bamvua, watoto watoke.

Muulize mhudumu au mvuvi mahali penye mchanga mtupu chini. Kila ufukwe una vichochoro vyake, na wenyeji wanavijua kwa hatua. Ogelea sambamba na ufukwe, usielekee kilindini. Mkondo ukikushika na kukuvuta nje, usishindane nao kwa kurudi moja kwa moja. Ogelea ubavuni, sambamba na nchi kavu, hadi utoke kwenye mvuto wake, ndipo urudi.

Mtu mzima mmoja awe mtazamaji, asiyeogelea, asiyekunywa, asiyeshika simu. Mbadilishane kila nusu saa. Waokoaji ni wachache na fukwe ni ndefu. Usimkabidhi mtoto wako kwa mtu ambaye hujamwona.

Wanaotaka kisiwa cha Sinda wapatane na mwenye boti asubuhi mapema. Kisiwa ni eneo tengefu la bahari, kwa hiyo kuna ada ya serikali mbali na nauli ya boti: uliza kama bei uliyotajiwa imejumuisha ada, na dai risiti. Jaketi la kuokolea kwa kila kichwa, au msipande. Kurudi kuwe kabla ya upepo wa alasiri. Familia yenye siku moja na watoto chini ya miaka mitano, kisiwa kiacheni kwa safari nyingine.

## Hatua ya 7: Agiza chakula kabla ya njaa

Samaki wa kuchoma anayestahili jina hilo huchukua saa nzima, na siku ya sikukuu hata mbili. Agiza mara tu ukifika, na mpangie mpishi saa: "tunataka saa nane." Mwombe akuonyeshe samaki kabla ya kumchoma, mkubaliane bei ya samaki huyohuyo, si "kuanzia". Changu mmoja mwenye ndizi za kukaanga na kachumbari hutosha watu wawili.

Usiogelee mara baada ya kushiba sana, na waliokunywa pombe wasiingie majini kabisa.

## Hatua ya 8: Kurudi

Hesabu kutoka nyuma. Ufukwe wa Mjimwema unatazama mashariki, kwa hiyo jua halizami baharini. Hakuna sababu ya kusubiri machweo hapo. Ukiondoka pwani saa kumi na nusu, unafika kivukoni kabla wimbi la Jumapili halijakomaa, na jua unalipata ukiwa juu ya pantoni, likishuka upande wa mji. Siku za maji kujaa jioni, wale wa mwezi 15, mtashawishika kukaa. Kaeni, lakini mmeshakubaliana na dereva, na mnajua mtafika kivukoni gizani kukiwa na watu wengi.

Kabla ya kuondoka: oga maji baridi, badilisha nguo, kusanya taka zenu zote kwenye kikapu mlichokuja nacho, hesabu watoto, angalia salio la kadi. Salio la kurudi hutakiwa kuwa ndani tangu asubuhi, kwa sababu dirisha la kuongezea jioni ya Jumapili nalo lina foleni yake. Wenye gari warudi darajani, na ambaye ramani ya simu inamwambia pantoni ni karibu zaidi asiisikilize: ramani inahesabu kilomita, haihesabu magari yaliyosimama mbele yako.